Kipande Ambacho Hatukumwambia Mama

Mlikuja kunipa pole, na karibu kila mmoja wenu aliniuliza swali moja: siku ile mlipotelea wapi? Mlikuwa mmeambiwa mama angefika Kipkelion mchana, mkapiga simu, hamkumpata mtu. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Sasa nimerudi hapa Rhonda, Nakuru, cherehani yangu iko mlangoni kama mlivyoizoea, na nimeona ni heri niandike mara moja kuliko kumsimulia huyu nusu na yule nusu. Shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Mambo ya mochari na karatasi zake nayaacha. Nitaanzia pale gari lilipowashwa.

Rhonda hadi Ngata

Kwanza niseme hili. Mama alipougua aliletwa kwangu kwa gari kutoka Kipkelion. Alilazwa kiti cha nyuma, amefunikwa blanketi, na kufikia saa ya chai alikuwa mbele ya daktari. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea habari nyingine. Kwa hiyo mtakaponisikia huko mbele nikilalamika juu ya magari na simu, kumbukeni kwamba gari lilinipa mama kwa misimu miwili zaidi ya mvua.

Na simu pia. Baba alibaki Kipkelion kwa sababu ya miguu, na jioni jirani alikuwa akimpelekea simu yake kubwa ili aonane na mama. Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, lakini simu ya kuonana hakuielewa. Aliiweka sikioni. Kwa hiyo kila jioni mama alizungumza na sikio. Nilipomwambia baba aigeuze, mama alinikataza. "Mwache," alisema. "Hilo sikio nalijua."

Sasa, kwetu mtu akirudishwa nyumbani kuzikwa huambiwa njia. Mume wake humwambia, au mtoto wa kwanza. Mkifika mahali unamwita, unamwambia tuko hapa, twende. Mji, daraja, njia panda. Mtu aliyelala hajui gari limekata wapi, na asipoambiwa atabaki palepale akiulizia. Ndivyo wazee wetu wanavyosema. Sitawadanganya kwamba naamini yote. Sitawadanganya pia kwamba siamini.

Siku moja kabla ya safari, baba alinipigia kwa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe.

"Kavere, miguu yangu imekataa. Wewe ndiye utamwambia mama yako njia."

"Nitamwambia, baba."

"Ukifika nitakuuliza kama ulimwambia kila mahali."

"Sawa, baba."

"Nitakuuliza," alirudia.

Mnaonijua mnajua siwezi kumdanganya baba. Si wema. Ni kama mtu asiyeweza kupiga mbinja. Anajaribu, sauti haitoki.

Gari la maiti lilikuwa la kukodi, na dereva aliitwa Kiprono, mtu wa umri wangu hivi, ambaye alivua kofia kila alipoufungua au kuufunga mlango wa nyuma. Mdogo wangu Ezra alikuwa ametoka Nairobi na gari lake jipya. Mliliona. Linafunguka bila ufunguo, lina kioo kama televisheni, na ndani kuna sauti ya mwanamke inayoelekeza kwa Kiingereza. Ezra alisema atatangulia, sisi tumfuate.

"Na hiyo kazi ya kumwambia mama njia," aliniambia kwa sauti ya chini, "dada, si mama anaijua hii njia?"

"Anaijua akiwa macho," nilisema.

Nilikaa nyuma kando ya sanduku, mkono juu yake. Mlikuwapo tulipopita Rhonda ili mama awaage, mliimba. Ninyi hamkunisikia nikimwambia: Mama, tunaiacha Rhonda. Yule ni Mama Shiro, analia. Cherehani nimeiingiza ndani, nimefunga. Twende.

Tulipofika Ngata nilisema tena. Kiprono alinitazama kwenye kioo.

"Mathe, unaongea na mimi?"

"Hapana. Naongea na mama."

Akasema, "Sawa. Basi nikiona kibao nitakusomea, huko nyuma huoni vizuri."

Tangu hapo tulifanya kazi pamoja. Yeye alisoma, mimi nikamwambia mama.

Salgaa

Salgaa tulisimama. Lori lilikuwa limelala katikati ya barabara na mahindi yake, na nyuma yake matrela yamesimama mpaka jicho linapoishia. Madereva walishuka wakaketi kwenye kivuli cha magurudumu. Wengine walikuwa wameanza kupika.

Muuza soseji mmoja alikuja na ndoo yake akaingiza kichwa dirishani. "Mathe, soseji moto. Na huyo mwenzako nimpatie ngapi?" Kisha akaona mwenzangu ni nani. Alirudi kinyumenyume akiomba msamaha mpaka akamkanyaga mtu. Baadaye alirejea na chupa ya maji, akaipitisha dirishani. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, na nikajua mama angecheka kunishinda.

Ezra alikuja ameshika simu.

"Simu inasema hii jam si ya leo. Kuna njia nyingine hapo karibu, unakata kushoto, unatokea Elburgon, unaenda Molo, unarudi barabara kubwa Mau Summit."

"Hiyo njia inatoboa?" Kiprono aliuliza.

"Simu inasema inatoboa."

"Simu imewahi kupita hapo na mvua?"

"Boss, hii inaonwa na satelaiti."

"Satelaiti iko juu," Kiprono alisema. "Matope yako chini."

Wakanitazama mimi. Niliwaza baba ameketi langoni tangu asubuhi, kwa maana nilijua atakuwa ameketi langoni. Nikasema twende. Kwa hiyo msimlaumu Ezra peke yake kama nilivyosikia baadhi yenu mkifanya.

Njia ya simu

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Mahindi huku, viazi kule, na miti ya mbao imepangwa mistari. Yule mwanamke wa Kiingereza alikuwa akisema kata huku, kata kule, nasi tukikata. Dirisha la Ezra lilikuwa wazi na sauti ilitufikia kwenye kila kona.

"Huyu mama ana amri," Kiprono alisema. "Na haulizi kama umechoka."

Kisha ukungu ukashuka, na mvua nyembamba nyuma yake. Tulifika njia panda yenye duka lililofungwa.

"Kiprono, hapa panaitwaje?"

Alitazama kila upande. Hakukuwa na kibao. Akatazama simu yake. "Mathe, kwa simu hapa hakuna jina. Ni laini ya buluu tu, na sisi ni kadoti."

Nilifungua mdomo nikasema, "Mama, sasa tuko..." Nikanyamaza. Tukavuka daraja la mbao, sikujua lake. Tukapanda kilima, sikujua chake. Barabara kubwa naijua kama upindo wa nguo, kila Desemba tulipita nayo mimi na mama. Huku sikujua kitu. Nilipapasa sanduku nikasema, "Mama, ngoja kidogo." Sikuwa na jingine la kusema.

Hatukwenda mbali. Tumbo la gari la Ezra liko chini, na njia ile ina mawe yanayojificha ndani ya matope. Tulisikia mlio kama sufuria imeangushwa. Gari lilisimama, taa nyekundu ikawaka, na maandishi yakatokea kwenye kile kioo. Ezra alibonyeza kila kitu kinachobonyezwa. Hata milango ilikataa kwa muda. Tulimwona ndani akitutazama kama samaki. Ilipofunguka akatoka na kukanyaga matope kwa viatu vya kanisani.

"Inasema nini?" niliuliza.

"Inasema niwasiliane na walioniuzia."

Kiprono alizunguka gari lile mara moja. "Gari ya zamani ikikataa unaita fundi," alisema. "Hii inataka wakili."

Ezra hakucheka. Alisema Kiprono alipaswa kumwambia kuna mawe. Kiprono akasema yeye alifuata tu. "Mimi nilikufuata wewe, boss." Ezra akasema, "Na mimi nilifuata simu." Sauti zilipanda. Yangu pia ilipanda. Nilimwambia Ezra maneno ambayo dada hamwambii mdogo wake mbele ya mama yao. Tulisimama mvuani tukigombana juu ya gari, na mlango wa nyuma wa gari la maiti ulikuwa wazi.

Niliuona mlango ule. Nikaenda kuufunga.

Kwa Chelagat

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye lango la mbao akitutazama, gunia kichwani dhidi ya mvua. Huyo ndiye Chelagat.

"Shikamoo," nilisema, ingawa hakunizidi sana. "Tafadhali, hapa panaitwaje?"

Alitazama gari la maiti. Akatazama gari la Ezra. Uso wake ukajifunga.

"Kwa nini mnauliza?"

"Tunataka tu kujua jina la mahali hapa. Tuna mama yetu humu."

"Mama, hapa kuna wenyewe," alisema, akashika lango kwa mikono miwili. "Shamba liko na mwenyewe mpaka kule kwa miti. Kama mlidanganywa mnunue, mlidanganywa. Hapa hamziki mtu."

Ilinichukua muda kuelewa alichoogopa. Mnajua mambo ya mashamba ya huku. Mtu akizikwa mahali, watu wake wamepata mlango wa kulidai shamba. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba tunampeleka mama nyumbani Kipkelion, kwamba kwetu maiti huambiwa kila mahali anapopita, na kwamba tangu tulipoacha barabara kubwa sijamwambia hata jina moja kwa sababu sijui.

Alisikiliza akiwa ameshika lango vilevile. Kisha akalifungua.

"Hapa panaitwa Tumaini," alisema.

Nilirudi garini, nikainama. "Mama, hapa panaitwa Tumaini. Tumekwama kidogo, lakini tupo wote."

Chelagat alikuwa amenifuata. Alivua lile gunia kichwani, akaweka kiganja juu ya sanduku. "Mama," alisema, "hapa ni kwangu. Mimi ni Chelagat. Umepita salama."

Hapo ndipo nilipolia, jamani. Mochari sikulia.

Alitupa viazi vya Molo vilivyochemshwa na maganda, chumvi kwenye kisahani, na chai ya maziwa matupu. Tulikula tumesimama karibu na mlango wa gari ili mama asibaki peke yake. Simu yangu ilikuwa imezima tangu Ngata. Ndiyo sababu hamkunipata. Ya Ezra haikuwa na mtandao pale. Chelagat alichukua yangu akaichomeka kwenye waya uliotoka kwenye kioo cha sola juu ya bati lake. "Jua ni kidogo leo," alisema, "lakini iliweka la jana." Kuhusu gari la Ezra alisema libaki, ng'ombe wake hawali magari.

Nyuma ya choo chake kuna kilima kidogo, na hapo ndipo watu wa kule husimama kupiga simu. Nilisimama hapo. Kabla sijabonyeza, baba akapiga.

"Mko wapi?"

Niligeuka kulitazama gari la maiti.

"Kavere. Mko wapi?"

"Baba, tuliacha barabara kubwa. Hapa panaitwa Tumaini, nimeambiwa sasa hivi. Tulikotoka sijui, na tunakokwenda sijui."

Akauliza, "Unaona nini?"

"Ukungu. Viazi. Miti."

"Reli?"

Nilimuuliza Chelagat. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni, chini ya miti.

"Iko, baba. Iko huko chini."



"Hiyo ni yangu," alisema.

Nilijua baba alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, lakini kwangu ilikuwa habari ya zamani, kabla sijazaliwa, kabla hawajahamishiwa Nakuru. Hakuwahi kuisimulia sana. Sasa aliongea kwa haraka kama kijana. Alisema kutoka Elburgon mpaka Molo hakuna taruma, zile mbao zinazobeba vyuma vya reli, ambalo hakulishika kwa mkono. Alisema njia yetu ya Desemba, ya lami, mama aliijua baadaye tu. Hii ndiyo aliyokuja nayo akiwa bibi harusi.

"Shukeni mpaka muifikie, muifuate," alisema. "Na mkifika Elburgon, weka simu juu ya sanduku."

Elburgon, Turi, Molo

Ezra aliingia nyuma pamoja nami, kwa kuwa hakuwa na gari tena. Alikaa upande wa pili, magoti yake yamegusa sanduku. Tulipofika lami ya Elburgon nilimpigia baba, nikaweka simu juu ya sanduku, nikafungua sauti.

"Rasoa," baba aliita. Hilo ndilo jina la mama. Sikumbuki lini nilimsikia baba akimwita kwa jina. Nyumbani ilikuwa Mama Kavere. "Rasoa, uko Elburgon. Mkono wa kulia kuna kiwanda cha mbao."

Ezra alichungulia. "Baba, siku hizi ni petroli stesheni."

"Rasoa, siku hizi ni petroli," baba alisema bila kusita. "Hapa ndipo uliposhuka na kuku mmoja na sanduku lako la mbao. Uliniuliza kama mvua ya huku huwa inakoma. Nikasema inakoma. Nilikudanganya."

Mvua ilikuwa ikigonga bati juu yetu. Kiprono alipunguza mwendo bila kuambiwa. Nyuma yetu pikapu ilianza kupiga honi, naye akatoa mkono dirishani akaipungia ipite. "Pita, boss!" alipaza sauti. "Sisi tunaongea!"

Tulipofika Turi baba alisema: "Hapa ulikuwa unaniletea chakula ukitembea juu ya mataruma kutoka nyumba zetu za landhi. Kilikuwa kinafika baridi. Sikuwahi kukuambia." Alingoja kidogo, kana kwamba anampa mama nafasi ya kujibu. "Sasa nimekuambia."

Tulipofika Molo alimkumbusha blanketi ya kijivu waliyonunua baridi ilipowashinda. Alisema bado anajifunika hiyo hiyo. Kiprono alijifuta uso kwa kofia. Ezra alikuwa ametazama simu ile iliyokuwa ikitikisika juu ya mbao, na mikono yake ilikuwa kando ya simu pande zote mbili, tayari kuidaka isianguke.

Nawaambia ukweli, kama lori la Salgaa lisingelala, ningempeleka mama kwa lami, ningesema majina yangu niliyoyazoea, na haya yote yangezikwa na baba siku yake ikifika. Na simu ndiyo iliyotupoteza, lakini bila simu baba asingetupata. Nimelifikiria sana jambo hili nikishona na sijui niliweke upande gani.

Mau Summit hadi Londiani

Baada ya Mau Summit baba alikatika. Alikuwa katikati ya neno. Nilipiga, sikumpata, nikapiga tena. Pande zote ni msitu na mashamba, na simu inaonyesha hakuna kitu.

"Endelea wewe, dada," Ezra alisema.

Nilisema ninayoyajua. Lakini baada ya kumsikia baba, majina yangu yalikuwa makavu, na kati ya moja na jingine palikuwa na kimya kirefu. Tulivuka mto mdogo. Nimeuvuka maisha yangu yote na sijawahi kuuliza jina lake.

Ezra alitoa simu yake. Mtandao hakuwa nao, lakini alisema ramani alikuwa ameiweka ndani kabla ya safari. Aliikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena, mpaka ule mto ukatokea kama uzi, na juu ya uzi herufi ndogo. Alikohoa.

"Mama," alisema. "Mama, ni Ezra. Huu mto..." Akasoma jina. Kisha akainamisha paji la uso juu ya sanduku, akakaa hivyo, na mimi nikamshika shingoni kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo.

Alipoinuka aliendelea kusoma. Mto kwa mto, kituo kwa kituo, mpaka Londiani na kuteremka. Alisoma hata shule za msingi. Alisoma hata josho la ng'ombe. Kiprono alisema, "Huyu mama amekwenda kila mahali leo," na Ezra akacheka na kulia kwa pamoja.

Kipkelion

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya kilima. Baba alikuwa langoni kama nilivyojua, kwenye kiti, amevaa koti lake la reli. Watu walianza wimbo. Alinyoosha mkono wimbo ukasimama.

Hakumsalimu Ezra. Hakunisalimu mimi. Alisimama kwa fimbo, akaja mpaka mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya sanduku. Kisha akaniuliza.

"Mlimwambia kila mahali?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza. Shangazi mmoja nyuma yake alinitikisia kichwa niseme ndiyo. Lilikuwa neno dogo. Baba alikuwa amechoka, angelala nalo vizuri.

"Hapana, baba."

"Wapi?"

"Kutoka tulipoacha barabara kubwa mpaka Tumaini. Sikujua majina. Na mwishoni tulikuwa tunagombana juu ya gari."

Ezra alisogea akasimama karibu nami. "Lilikuwa gari langu, baba," alisema.

Baba alitutazama mmoja mmoja. Sikuona hasira. Aliligeukia gari la maiti, akalipapasa ubavuni ulipojaa matope, kama mtu anavyompapasa punda aliyefanya kazi.

"Gari hufika kabla ya mtu," alisema. "Mtu huja nyuma, polepole." Kisha akaniambia mimi, "Tutamzika. Lakini hicho kipande utakirudia."

"Nitakirudia, baba."

"Mwingizeni," aliwaambia watu, na wimbo ukaendelea. Kiprono alibeba pamoja nasi, kofia yake mfukoni. Hakuna aliyemwomba.

Mazishi wengi wenu mlikuwapo. Siyarudii.

Kurudi

Tulipomaliza siku za kukaa na baba, mimi na Ezra tulirudi Tumaini na fundi kutoka Nakuru. Fundi alilala chini ya gari akafunga kitu kwa chuma na gundi, kisha akachomeka waya, akafungua kompyuta magotini. Kompyuta ikaongea na gari. Ile taa nyekundu ikazima. Kiprono alisema inataka wakili, na kweli wakili akaja.

"Tupande twende," Ezra alisema. Chelagat alikuwa ametufungia viazi kwenye mfuko.

"Wewe endesha," nilimwambia. "Mimi natembea."

Alinitazama, akatazama kile kilima na njia inayopanda kuelekea barabara kubwa. Alimpa fundi kile kidude cha kufungulia gari, akamwambia alipeleke polepole mpaka lami atungoje. Kisha akavua viatu vya Nairobi, akaazima gambuti za mume wa Chelagat. Zilimzidi. Chelagat alivaa gunia lake ingawa hakukuwa na mvua, akasema njia ile bila yeye tungesema majina ya uongo.

Tukapanda watatu. Chelagat alionyesha kwa fimbo. Ile kona yenye jiwe lililomkamata Ezra inaitwa Kona Mbaya, na Ezra akasema sasa hivi analijua hilo. Kile kilima ni Kwa Fundi, ingawa fundi mwenyewe alihama zamani na hakuna anayekumbuka alikuwa fundi wa nini. Kile kilima ni Kwa Fundi, ingawa fundi mwenyewe alihama zamani na hakuna anayekumbuka alikuwa fundi wa nini. Ile njia panda yenye duka lililofungwa inaitwa Njia Tatu, na duka lilifungwa siku ile kwa sababu mwenyewe alikuwa ameenda matangani. Tulimkuta, akatupa viti na maji ya kunywa. Nilimwambia kila mtu kwa nini tunauliza. Hakuna aliyetucheka.

Tulipofika lami matrela yalikuwa yakipita kwa kasi kama kawaida, upepo wao unavuta nguo. Nilisogea pembeni kwenye majani. Mtandao ulikuwa umejaa. Nikampigia baba.

"Baba, nimeyapata majina yote."

"Ngoja," alisema.

Nilingoja. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia fimbo kwenye saruji, kisha fimbo kwenye udongo, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Nilisikia kuku wakimpisha. Nilitaka kumwambia baba, miguu yako, kaa tu, lakini nilielewa anakwenda wapi, nikamwacha. Ezra alikuwa ameleta sikio lake karibu na langu. Tulisikia baba akiinama, na ilimchukua muda. Kisha kukawa na mlio wa kitu kidogo kikiwekwa juu ya udongo mpya, na upepo wa Kipkelion ukaingia kwenye simu.

"Haya," sauti yake ilitoka mbali kidogo. "Nimeiweka hapa. Sema, sasa anasikia."

Nikaziba sikio la pili kwa kidole kwa ajili ya matrela.

"Mama," nilisema, "hapa ndipo tulipokata kushoto."